Lugha Ipi kwa Watoto wa Marekani? Historia ya Uchaguzi wa Lugha za Kigeni Shuleni na Nafasi ya Kiswahili



 Katika miaka yangu ya kufundisha isimu, kuna swali moja ambalo wanafunzi hawajachoka kuniuliza: ni lini Kiswahili kitafundishwa katika shule za Marekani kama kinavyofundishwa Kifaransa au Kihispania? Nimekuwa nikilijibu kwa ufupi mno. Leo nitajaribu kulijibu kwa njia ya historia, kwa sababu nyuma yake limo swali kubwa zaidi ambalo Wamarekani wenyewe wamekuwa wakiulizana tangu kabla ya taifa lao kuzaliwa, yaani: mtoto wa shule asome lugha gani ya kigeni?

Hoja nitakayoitetea ni hii. Kwa muda mrefu lugha za kigeni katika shule za Marekani zimechaguliwa kwa kufuata hofu au mtindo wa wakati. Hofu ikipita, au mtindo ukichuja, lugha huachwa na walimu wake hutawanyika. Lugha zilizodumu ni zile zilizokuwa na mambo matatu: walimu wa kutosha, muda wa kutosha darasani, na jamii au taasisi inayozihitaji kila siku. Sisi tunaotaka Kiswahili kisomwe ng'ambo tuna sababu ya kuitazama historia hiyo kwa makini.

1. Kilatini, biashara na majirani

Shule za mwanzo za makoloni ya Kiingereza zilifundisha Kilatini. Shule ya Kilatini ya Boston ilianzishwa mwaka 1635, na kazi yake kubwa ilikuwa kumwandaa kijana kuingia chuo kikuu. Kilatini hakikuwa na jamii ya wazungumzaji katika mitaa ya Boston, lakini kilikuwa na mlinzi mwenye nguvu: bila Kilatini hakuna chuo, na chuo kilikuwa njia kuu ya kuingia katika uchungaji. Kwa sababu hiyo kilidumu katika mitaala kwa karne nyingi.

Miongoni mwa watu mashuhuri wa mwanzo kulijadili suala letu kwa upana alikuwa Benjamin Franklin. Katika mapendekezo yake ya mwaka 1749 kuhusu elimu ya vijana wa Pennsylvania, aligawa lugha kwa kufuata kazi atakayoifanya mwanafunzi: Kilatini na Kiyunani kwa watakaokuwa wachungaji, hizo mbili pamoja na Kifaransa kwa waganga, Kilatini na Kifaransa kwa wanasheria, na Kifaransa, Kijerumani na Kihispania kwa wafanyabiashara. Naye Thomas Jefferson, katika barua ya mwaka 1787, alimhimiza mpwa wake asome Kihispania kwa bidii, akitambua uzito wa nchi zilizokuwa chini ya Hispania katika bara hilo.

Hata hivyo, huyo huyo Franklin aliyependekeza Kijerumani kwa wafanyabiashara aliandika mwaka 1751 kulalamikia wingi wa Wajerumani wa Pennsylvania, akihofia kwamba wao ndio watakaowageuza Waingereza kuwa Wajerumani. Pendekezo na malalamiko hayo vinaachana kwa miaka miwili tu. Kijerumani cha mteja aliye ng'ambo kilikuwa mali. Kijerumani cha jirani kilikuwa tishio. Naomba tuikumbuke tofauti hiyo, kwa kuwa tutakutana nayo tena.

2. Kijerumani: kupanda na kuanguka

Katika karne ya 19 majirani hao waliongezeka, nao walitaka lugha yao ifundishwe. Ohio ilipitisha sheria mwaka 1839 iliyoruhusu elimu kwa Kijerumani na Kiingereza pale wazazi walipoomba, na Louisiana ikafanya vivyo hivyo kwa Kifaransa mwaka 1847. Katika miji kama Cincinnati, St. Louis na Milwaukee, Kijerumani kilifundishwa katika shule za umma kuanzia madarasa ya chini. Aidha, kilikuwa lugha ya sayansi na ya vyuo vikuu vilivyoheshimiwa kuliko vyote wakati ule. Kufikia mwaka 1915, takriban robo ya wanafunzi wa sekondari nchini Marekani walikuwa wakisoma Kijerumani. Mambo yote matatu niliyoyataja yalikuwapo.

Mwezi Aprili 1917 Marekani iliingia katika Vita Kuu ya Kwanza dhidi ya Ujerumani, na ndani ya miaka michache jengo hilo lote likabomoka. Mei 1918 gavana wa Iowa, William Harding, alitoa tangazo lililotaka Kiingereza pekee kitumike shuleni, hadharani, katika ibada na hata katika simu. Majimbo kadhaa yalitunga sheria za kuzuia lugha za kigeni madarasani. Kufikia mwaka 1922, wanafunzi wa sekondari waliosoma Kijerumani hawakufika hata asilimia moja.

Kesi iliyotokana na hali hiyo inastahili kujulikana na kila mwanafunzi wa sera ya lugha. Mwaka 1919 Nebraska ilikataza kumfundisha mtoto lugha yoyote ya kigeni kabla ya kuhitimu darasa la nane. Tarehe 25 Mei 1920, mwalimu Robert Meyer wa shule ya Kilutheri katika Kaunti ya Hamilton alikutwa akimfundisha mtoto wa miaka kumi kusoma hadithi za Biblia kwa Kijerumani, akashtakiwa na kutozwa faini ya dola 25. Mahakama za jimbo ziliiunga mkono adhabu hiyo, huku zikieleza kwamba marufuku haikuzihusu lugha za kale kama Kilatini, Kiyunani na Kiebrania. Maana yake ni kwamba mtoto aliruhusiwa kujifunza lugha isiyozungumzwa na mtu yeyote kijijini, lakini si lugha ya bibi yake. Tarehe 4 Juni 1923 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura saba dhidi ya mbili, ilimwondolea Meyer hatia na kutamka kwamba uhuru unaolindwa na Katiba unahusu pia haki ya mwalimu kufundisha na ya mzazi kumchagulia mtoto elimu.

Ushindi huo ulikuwa mkubwa kisheria. Kielimu ulichelewa. Walimu wa Kijerumani walikwisha kwenda kwenye kazi nyingine, vitabu vilikwisha kuondolewa madarasani, na wazazi walikwisha kujifunza kunyamaza mbele ya watoto wao. Mahakama iliweza kuirudishia lugha haki yake, lakini haikuweza kuirudishia walimu wake. Kijerumani hakijapata tena nafasi kiliyokuwa nayo mwaka 1915.

Nafasi hiyo ilichukuliwa kwa sehemu na Kihispania. Mfereji wa Panama ulikuwa umefunguliwa mwaka 1914 na biashara na nchi za Amerika ya Kusini ilikuwa ikitangazwa kwa nguvu. Idadi ya wanafunzi wa sekondari waliosoma Kihispania ilipanda kutoka chini ya asilimia 3 mwaka 1915 hadi zaidi ya asilimia 10 mwaka 1922. Ni vyema kutambua kwamba kupanda huko hakukutokana na kuwajali wazungumzaji wa Kihispania wa Texas au New Mexico. Kulitokana na masoko.

3. Suala la muda

Mwaka 1929 ilitolewa ripoti maarufu iliyoandikwa na Algernon Coleman kuhusu ufundishaji wa lugha za kisasa. Ilikiri kwamba wanafunzi wengi wa Marekani walisoma lugha ya kigeni kwa miaka miwili tu, na ikapendekeza kuwa, kwa muda huo, lengo linalowezekana ni stadi ya kusoma. Badala ya kuongeza muda, lengo lilipunguzwa lilingane na muda uliopo.

Tufanye hesabu ndogo. Mwaka wa shule nchini Marekani una takriban siku 180. Kipindi cha dakika 50 kila siku ni saa 150 kwa mwaka, yaani saa 300 kwa miaka miwili. Taasisi inayowafunza wanadiplomasia wa nchi hiyo hukadiria kwamba mtu mzima mwenye kipaji huhitaji kati ya saa 600 na 750 za darasani ili akimudu Kihispania kikazi, takriban saa 900 kwa Kiswahili, na saa 2,200 kwa Kichina au Kiarabu. Kwa hesabu hiyo, miaka miwili ya sekondari haizidi nusu ya safari ya Kihispania. Ni theluthi ya Kiswahili na takriban sehemu moja ya saba ya Kichina. Kwa hiyo mjadala wa lugha ipi, unapofanywa bila kutaja muda, hauwezi kumfikisha mtoto popote. Ni sawa na abiria wanaobishana kuhusu mwisho wa safari ilhali nauli waliyolipa inaishia kituo cha pili.

4. Hofu kama mtunga mitaala

Tarehe 4 Oktoba 1957 Umoja wa Kisovieti ulirusha Sputnik angani. Chini ya mwaka mmoja baadaye, tarehe 2 Septemba 1958, Rais Eisenhower alitia saini Sheria ya Elimu kwa Ulinzi wa Taifa. Jina la sheria hiyo linajieleza: lugha ziliwekwa pamoja na hisabati na sayansi kama silaha. Lugha sita zilipewa kipaumbele cha kwanza: Kiarabu, Kichina, Kihindi-Urdu, Kijapani, Kireno na Kirusi. Maabara za lugha zilinunuliwa, walimu walipelekwa mafunzoni majira ya joto, na shule nyingi za msingi zilianza kufundisha lugha za kigeni.

Matunda ya juhudi hizo yalikuwapo, hasa katika vyuo vikuu, na mimi ni miongoni mwa wale ambao taaluma yao ilinufaika na vitabu vilivyotokana nazo. Lakini mashuleni moto ulizimika upesi. Tume iliyoundwa na Rais Carter iliripoti mwaka 1979 kwamba asilimia 15 tu ya wanafunzi wa sekondari walikuwa wakisoma lugha ya kigeni, kutoka asilimia 24 mwaka 1965. Na kwamba vyuo vilivyodai lugha ya kigeni kama sharti la kujiunga vilishuka kutoka asilimia 34 mwaka 1966 hadi asilimia 8.

Mzunguko uliendelea. Katika miaka ya 1980, uchumi wa Japani uliposhamiri, Kijapani kilitangazwa kuwa lugha ya kesho. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 ikawa zamu ya Kiarabu, na mwaka 2006 Rais Bush alizindua mpango wa lugha kwa ajili ya usalama wa taifa. Kichina nacho kilipata msukumo mkubwa. Taasisi za Confucius, ambazo ya kwanza nchini Marekani ilifunguliwa katika Chuo Kikuu cha Maryland mwaka 2004, zilikaribia 100 kufikia mwaka 2019. Uhusiano wa mataifa hayo mawili ulipoharibika, taasisi hizo zilifungwa moja baada ya nyingine, hata kufikia mwaka 2023 zikabaki chini ya tano. Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Shule za Marekani zimebadilisha msala mara nyingi, na mbachao wao ni nadra kuutazama.

5. Milango miwili ya Kiswahili

Kiswahili kiliingia katika elimu ya Marekani kwa milango miwili karibu kwa wakati mmoja. Mlango wa kwanza ni wa dola. Fedha za sheria ya mwaka 1958 zilisaidia kuanzisha vituo vya taaluma za Afrika. Kikosi cha Amani, kilichoundwa mwaka 1961, kilihitaji vijana wanaojua lugha za Afrika. Kozi ya msingi ya Kiswahili kwa wanadiplomasia ilichapishwa mwaka 1963, na mwongozo wa lugha ya Kiswahili wa Edgar Polomé mwaka 1967.

Mlango wa pili ulifunguliwa na Wamarekani weusi wenyewe. Katika harakati za kudai haki na heshima, wengi waliiona Afrika Mashariki, hasa Tanzania ya Mwalimu Nyerere, kama kielelezo cha Mwafrika anayejitawala kwa lugha yake. Mwaka 1966 Maulana Karenga alianzisha sikukuu ya Kwanzaa mjini Los Angeles, ikiwa na Nguzo Saba zinazotajwa kwa Kiswahili: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba na imani. Kuanzia mwishoni mwa miaka hiyo, wanafunzi weusi wa vyuo na wa baadhi ya shule za sekondari za mijini walidai Kiswahili kifundishwe, na mahali kadhaa walikubaliwa.

Wapo waliokosoa uchaguzi huo, wakisema kwamba mababu wengi wa Wamarekani weusi walitoka Afrika ya Magharibi na ya Kati, si pwani yetu, na kwamba Kiswahili chenyewe kilisafiri na misafara ya watumwa kuelekea Unguja. Hoja hiyo ina ukweli wa kihistoria. Lakini hakuna lugha moja ya Afrika Magharibi iliyoweza kudai kuwa ya mababu wote, na waliochagua Kiswahili walichagua lugha isiyomilikiwa na kabila moja, iliyokwisha kuwa sauti ya uhuru. Uchaguzi wao ulikuwa wa kisiasa, nao walijua hivyo.

Udhaifu, kwa maoni yangu, ulikuwa mahali pengine. Msamiati wa heshima ulienea kuliko lugha yenyewe. Watu wengi walijua *umoja* na *imani*. Wachache walifundishwa upatanisho wa kisarufi kwa muda wa kutosha hata waweze kuzungumza. Vitabu vizuri vya wanaoanza vilichelewa. Nilipofundisha miaka michache katika chuo kimoja cha Marekani, niligundua kwamba darasa langu lilitegemea uhai wa mkataba wangu. Niliporudi nyumbani, halikuendelea. Mlango wa dola ulitegemea bajeti, na mlango wa heshima ulitegemea ari. Vyote viwili hupungua.

6. Lugha ya kigeni au lugha ya nyumbani?

Katika miaka hiyo hiyo kulitokea jambo lililonifanya nilitazame upya swali letu. Kuanzia mwaka 2007 Marekani ilipokea maelfu ya wakimbizi wa Burundi waliokuwa wameikimbia nchi yao mwaka 1972 na waliokuwa wakiishi Tanzania, na baadaye makumi ya maelfu kutoka mashariki mwa Kongo. Wengi wao walikuja na Kiswahili. Siku moja mama mmoja kutoka Uvira alinifuata baada ya ibada. Mwanawe alikuwa akiingia sekondari, na shule ilimtaka achague lugha ya kigeni. "Mwalimu," aliniuliza, "hiki Kiswahili chetu kitamupeleka wapi mutoto?" Nikamjibu, "Mama, kitampeleka mbali." Lakini shule ya mtoto haikuwa na Kiswahili. Ilikuwa na Kihispania na Kifaransa. Mwendo wa nusu saa kutoka hapo, mimi nilikuwa nikiwafundisha vijana wa chuo, waliolipa ada kubwa, kusema yale ambayo mtoto yule alikuwa akiyasahau bure.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mtoto wa Nebraska, na Franklin kabla yake. Marekani imetumia fedha nyingi kuzifundisha lugha kwa watu wazima wasiozijua, huku shule zake zikiwasahaulisha watoto wanaozijua. California ilizuia kwa kiasi kikubwa elimu ya lugha mbili kwa kura ya maoni ya mwaka 1998, na haikubatilisha uamuzi huo hadi mwaka 2016. Tarehe 1 Machi 2025 Rais Trump alitia saini amri ya kukitangaza Kiingereza kuwa lugha rasmi ya nchi. Kiingereza hakikuwa hatarini. Lugha zilizo hatarini ni za jikoni, na hizo hupotea katika kizazi kimoja au viwili.

Ipo mifano yenye kutia moyo. Mwaka 2008 Utah ilipitisha sheria ya kuanzisha madarasa ambamo mtoto husoma nusu ya siku kwa Kiingereza na nusu kwa lugha nyingine, kama vile Kihispania, Kichina, Kifaransa au Kireno, kuanzia darasa la kwanza. Jimbo hilo lina watu wengi waliowahi kuishi nje kama wamisionari wa Kimormoni na kurudi wakizijua lugha hizo, na hivyo lina wazazi wanaozithamini. Mwaka 2011 California ilikuwa ya kwanza kuidhinisha muhuri wa umahiri wa lugha mbili katika cheti cha sekondari, ambao mtoto anaweza kuupata kwa lugha ya nyumbani kwao pia. Hapo umahiri ndio unaopimwa, bila kuuliza kama lugha inaogopwa mwaka huo.

7. Hitimisho

Sasa nilijibu swali. Mtoto wa Marekani asome lugha gani? Kama ana lugha nyingine nyumbani, asome kwanza hiyo, aiandike na kuisoma vyema. Kama hana, asome ile ambayo shule yake inaweza kumpatia mwalimu bora kwa miaka mingi mfululizo, na ambayo atakutana na wenyewe. Kwa sehemu kubwa ya nchi hiyo, lugha hiyo ni Kihispania, na sioni aibu kukiri hivyo nikiwa mwalimu wa Kiswahili. Katika uchunguzi wa mwaka wa masomo 2014/15, kati ya wanafunzi takriban milioni 10.6 waliosoma lugha za kigeni kuanzia chekechea hadi sekondari, zaidi ya milioni 7 walisoma Kihispania. Lakini katika miji waliyohamia Wakongo na Warundi, jibu la haki linaweza kuwa Kiswahili.

Kwetu sisi funzo ni la kiutendaji. UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021, nasi tulifurahi kwa haki. Hata hivyo, siku moja ya mwaka haifundishi darasa. Tunahitaji, kwanza, walimu waliofunzwa kufundisha Kiswahili kwa wageni, kwani kuizaliwa nayo lugha si kuijua kazi ya kuifundisha. Pili, tunahitaji vitabu vya watoto wanaokisikia Kiswahili nyumbani bila kukiandika, wakiwemo wale wa Kiswahili cha Kongo, ambao hawapaswi kuanza somo kwa kuambiwa kuwa mama zao wanakosea. Tatu, tunahitaji ushirikiano wa kudumu na vyama vya walimu walioko huko, kama CHAUKIDU, ili mwalimu mmoja akiondoka, darasa libaki.

Tusingoje hofu ya taifa lingine itufungulie mlango. Mlango wa namna hiyo hufungwa na yule yule aliyeufungua. Yule mama wa Uvira alikuwa na haki ya jibu bora kuliko nililompa, na jibu hilo litatokana na kazi ya wengi kati yenu mlioketi humu.